Maswali na Majibu: Zaka, Mbegu na Hesabu Zisizosomwa

Barua za safari hii karibu zote ni za fedha. Nimeziweka kando zile zinazotaka nitaje dhehebu lipi ni la kweli, na zile ambazo jibu lake ni kufungua Biblia tu na kusoma sura nzima. Zilizobaki ni hizi.

Zaka inatolewa kabla ya makato ya mshahara au baada?

Swali hili halichoki kuja. Torati, yaani sheria ya Musa, ilitoza zaka, sehemu ya kumi, kwenye nafaka, divai, mafuta na mifugo. Haikujua hati ya mshahara, bima wala makato ya mkopo. Kwa mifugo, Walawi 27 inasema kila mnyama wa kumi apitaye chini ya fimbo ndiye mtakatifu, na mwenyewe haruhusiwi kumbadilisha, awe mzuri au mbaya. Mambo ya kabla na baada hayamo. Chagua mwenyewe, uwe na amani na ulichochagua, na uache kumhukumu aliyechagua tofauti. Kinachonisumbua ni harufu ya barua zenyewe: mtu anatafuta kiwango cha chini kabisa ambacho akishakitoa Mungu hana la kumdai. Huyo hata akitoa kabla ya makato, ukunjufu bado haupo.

Mimi ni mjane. Nadaiwa ada ya shule, na mchungaji anasoma Malaki 3 kila Jumapili kwamba asiyetoa zaka amelaaniwa. Je, nimelaaniwa?

Hapana, mama. Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana ya torati, na hakuna mchungaji aliyepewa ruhusa ya kuirudisha kwa ajili ya bajeti.

Ila nataka tukisome kitabu cha Malaki chenyewe, maana wengi wanaanzia sura ya 3 mstari wa 8 na kufunga Biblia kwenye mstari wa 10. Kina sura nne. Katika sura ya kwanza makuhani wanakemewa kwa kuweka madhabahuni mnyama kipofu na kilema, na wanaambiwa wampelekee liwali wao waone kama atamkubali. Sura ya pili inafungua hivi: "Na sasa, enyi makuhani, amri hii yawahusu ninyi." Kabla watu hawajaambiwa wameiba zaka, viongozi wa ibada wamekwisha kuambiwa kuwa baraka zao zitalaaniwa. Sijawahi kusikia mahubiri ya kuchangisha yakianzia hapo.

Na lile ghala ambalo Malaki 3:10 inasema zaka iletwe humo? Ni vyumba vya hekalu vilivyohifadhi nafaka, divai na mafuta ili Walawi, kabila la watumishi wa hekalu ambao hawakugawiwa nchi, wapate kula. Nehemia 13 inaonyesha kilichotokea humo. Kuhani Eliashibu alimpa Tobia, jamaa yake, chumba kikubwa kilichokuwa cha kuwekea zaka. Walawi wakakosa posho, wakakimbilia mashambani kwao. Nehemia aliporudi alivitupa nje vyombo vyote vya nyumbani vya Tobia, akaamuru vyumba visafishwe, kisha akaweka watunza hazina walioaminika kugawa kwa haki. Zaka inapokatika, basi, tazama pia ni nani kahamia ghalani.

Halafu kuna Kumbukumbu 14, ambayo ni kama imeng'olewa kwenye Biblia za watu wengi. Zaka ya mwaka ililiwa na mtoaji mwenyewe na nyumba yake, mbele za Bwana, kwa furaha. Kila mwaka wa tatu iliwekwa malangoni kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale wakashiba. Mjane, mama. Kwa torati hiyohiyo unayotishiwa nayo, ulitakiwa kuwa kwenye orodha ya wanaopokea.

Lipa ada ya mtoto. Yesu aliwakemea vikali waliowanyima wazazi wao msaada kwa kisingizio kwamba kitu chao ni Korbani, yaani kimekwisha kutolewa kwa Mungu (Marko 7). Ukibakiwa na kidogo na moyo unapenda, toa hicho kidogo. 2 Wakorintho 8:12 inasema mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Kisha nenda kwa wazee wa kanisa uwaeleze hali yako bila kuona haya. Wakikujibu kwa mstari mwingine wa Malaki, umeshajua uko wapi.

Kutuma sadaka kwa simu ni sawa? Wengine wanasema lazima uilete madhabahuni kwa mkono.

Ni sawa. Hata Kumbukumbu 14 iliruhusu anayekaa mbali auze zaka yake, afunge fedha mkononi na kusafiri nayo. Ila kabla hujathibitisha muamala, soma jina linalotokea kwenye kioo cha simu. Likiwa la kanisa, endelea. Likiwa la mchungaji, la mkewe au la shemeji yake, simamisha hapo na uulize kwa nini.

Nilipanda mbegu, yaani nilitoa mshahara mzima kama nabii alivyoniagiza, nikaahidiwa kurudishiwa mara mia. Miezi inapita, kodi ya nyumba imenishinda. Nilikosea wapi, au ni imani yangu ndogo?

Imani yako haikuwa ndogo, kaka. Ilielekezwa kwa mtu.

Mstari wanaoutumia, wa apandaye haba na apandaye kwa ukarimu, uko 2 Wakorintho 9:6. Paulo alikuwa anakusanya mchango kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Hela haikuwa inaingia mfukoni mwake. Mstari unaofuata unasema kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni mwake, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Ukipangiwa kiasi na mtu aliyeshika maikrofoni, huku muziki unapigwa na waliobaki kwenye viti wanatazamwa, hujakusudia wewe. Umekusudiwa.

Watakutajia mjane wa Sarepta aliyempa Eliya mkate wa mwisho. Soma mpaka mwisho: Eliya alikaa nyumba hiyohiyo, akala unga uleule pamoja na mjane na mwanawe. Nabii aliyekula na mjane wakati wa njaa ile hafanani na aliyekuacha wewe na mwenye nyumba. Mimi ningewapeleka kwa Elisha. Naamani, jemadari wa Shamu, alipopona ukoma alileta zawadi nono, Elisha akakataa katakata. Mtumishi wake Gehazi ndiye aliyemkimbilia Naamani njiani na hadithi ya kutunga kuhusu wageni wawili wenye shida, akaomba talanta moja ya fedha na mavazi, akapewa talanta mbili. Ukoma wa Naamani ukamhamia yeye.

Wakristo wa mwanzo waliwajua watu wa namna hii. Didake, kitabu kidogo cha mafundisho cha karne za kwanza za kanisa, kinasema atakayedai yuko katika Roho na kusema nipe fedha, asisikilizwe. Akiomba kwa ajili ya wahitaji wengine, hapo asihukumiwe na mtu.

Utakachofanya sasa: ongea na mwenye nyumba leo, usingoje muujiza wa tarehe. Mwombe nabii akurudishie. Hatakurudishia, lakini jibu lake litakufundisha kuliko mahubiri yake yote. Na usipande mbegu ya pili ili "kuifungua" ile ya kwanza. Hapo ndipo watu wanapouzia samani.

Wakristo wa kwanza walitoa asilimia 10?

Sheria hiyo hawakuiweka. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, akiwatetea Wakristo karibu na mwaka 197, anaeleza kwamba kila mmoja aliweka kitu kidogo mara moja kwa mwezi, akipenda na akiweza, wala hakuna aliyelazimishwa. Fedha ilizika maskini, ikalea yatima na wazee, ikawasaidia waliovunjikiwa na merikebu. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Mâcon wa mwaka 585, huko Ufaransa ya leo, ndio uliokuja kuagiza zaka na kutishia kuwatenga wakaidi. Lakini msifurahi mapema. Mnaoshangilia kwamba asilimia 10 si sheria ya Agano Jipya, wale wa Matendo 4 waliuza mashamba. Mimi naiona sehemu ya kumi kuwa pa kuanzia pazuri kwa mwenye kipato cha kutosha. Kwa tajiri ni padogo mno, na kwa mwenye njaa hapafai kutajwa.

Mchungaji ana haki ya kuishi kwa sadaka?

Anayo. 1 Wakorintho 9:14. Mlipeni vizuri, msimfanye ombaomba kisha mkashangaa kwa nini anapenda matajiri. Lakini alipwe mshahara unaojulikana, uliopangwa na kikao ambacho yeye hakukiongoza, siyo achote kapuni anavyojisikia.

Hapa nitarudia wimbo wangu, na anayeuchoka aruke. Katika 2 Wafalme 12, Mfalme Yoashi aliwaachia makuhani fedha za kukarabati hekalu. Kufikia mwaka wa 23 wa kutawala kwake walikuwa hawajaziba hata ufa. Kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja, wakazifunga fedha mifukoni, zikaenda kwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi. Watu wawili, kutoka ofisi mbili tofauti. Paulo naye hakukubali kubeba mchango wa Yerusalemu peke yake. Alisafiri na ndugu aliyechaguliwa na makanisa ili asilaumiwe na mtu (2 Wakorintho 8:19-21). Kama Paulo alihitaji shahidi, mchungaji wako ni nani?

Kwa hiyo Jumapili ijayo angalia kapu linakwenda wapi. Likiingia ofisini na mtu mmoja, mlango ukafungwa, hapo pana tatizo hata kama mtu huyo ni malaika. Wahesabu wawe wawili au watatu wasio ndugu, wahesabu palepale kabla ya mtu kuondoka, waandike kiasi kwa kalamu, wote watie sahihi, nakala ibaki kwa katibu na fedha ipelekwe benki. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya washirika, tena kwa tarakimu, siyo "tumshukuru Mungu, mwaka ulikuwa mzuri". Mweka hazina mwaminifu hufurahia utaratibu huu kwa sababu unamlinda. Anayenuna mwulizeni ananunia nini.

Mume wangu hataki nitoe. Nitoe kwa siri?

Hela yenu ya pamoja, usitoe kwa siri. Ya jasho lako ambayo mmekubaliana ni yako, toa, na mwambie. Na msikilize mumeo, dada, pengine hamkatai Mungu. Pengine amechoka kuona watoto wanakosa viatu huku jina lako likitangazwa kwa makofi.

Mimi sitoi kabisa. Wachungaji ni wezi, na Mungu hana njaa.

Ni kweli kwamba Mungu hana njaa. Zaburi 50 inasema hivyo. Sasa ile uliyowanyima wezi, umempa yatima gani? Hukuandika.

Mfuko wa Yesu mwenyewe uliwekwa kwa mwizi. Yohana 12 inasema wazi kwamba Yuda alikuwa akichukua vilivyotiwa humo, na ni huyohuyo aliyelalamika kwamba marhamu ya Mariamu ingeuzwa kwa dinari 300 wakapewa maskini. Hata hivyo Yoana mke wa Kuza, Susana na wanawake wengine walizidi kuwahudumia kwa mali zao (Luka 8:3). Ukiona kanisa lako linakula fedha, dai hesabu. Ukinyimwa, peleka sadaka yako kwingine. Kuigeuza kuwa bia hakumkomeshi mwizi yeyote.

Nikikosa sadaka, nibaki nyumbani?

Njoo. Na kapu likipita, usijisumbue kupekua mkoba ukijifanya unatafuta.

Mtu anayejulikana kwa fedha za wizi ametoa mchango mkubwa wa ujenzi. Tupokee?

Hata makuhani waliomnunua Yesu walikataa kurudisha vile vipande 30 hazinani kwa sababu ni kima cha damu. Msishindwe nao. Zakayo mtoza ushuru, kabla hajamchangia mtu ujenzi, aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya. Mpelekeni huko kwanza. Najua mtapokea, mtampa kiti cha mbele na kumwombea, na Yakobo 2, inayokataza kumpendelea tajiri, haitasomwa wiki hiyo.

Nimehamia mtaa mwingine. Zaka nipeleke kanisa la zamani au jipya?

Unakosali sasa. Ila kama uliandika ahadi ya mchango kule kwa zamani, kaimalize, waage, ndipo uombe barua ya uhamisho.