Jibu: Kiongozi anayechukiwa aalikwe chuoni?

Yaya, umeuliza kama Unilu, yaani Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi hapa Kongo (DRC), ikimwalika rais wa nje anayetuhumiwa kuua watu haitakuwa imempa heshima ya bure. Mimi nasema aje, ila asije kuhutubia tu. Lazima aulizwe.

Tarehe 24 Septemba 2007 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilimpokea Mahmoud Ahmadinejad, rais wa Iran wakati huo. Mkuu wa chuo, Lee Bollinger, alimwambia usoni, kabla hajaongea, kwamba ana dalili zote za dikteta mkatili. Kisha maswali yakaja. Alipodai kwamba Iran haina wapenzi wa jinsia moja kama Marekani, ukumbi ukamcheka. Kumkataza kuja kusingemuumbua namna ile. (Kumshambulia mgeni kabla hajafungua mdomo, hapo sikubali, maswali yalitosha.)

Kwetu hofu yangu iko kwingine. Mei 1990 wanafunzi waliuawa usiku katika kampasi yetu hii ya Lubumbashi, na mpaka leo idadi yao inabishaniwa. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 23, inatupa haki ya kusema. Basi kabla ya barua ya mwaliko, chuo kiahidi hadharani kwamba mwanafunzi atakayeuliza swali kali atarudi nyumbani salama na hatafukuzwa masomo. Wasipoahidi hivyo, mgeni abaki kwao.