Mfupa wa miaka milioni mbili, umri wake unapimwaje?

Swali: Hivi wanasayansi wanasemaje mfupa una miaka karibu milioni mbili wakati nimesoma kipimo cha kaboni kinaishia kwenye miaka elfu 50 hivi? Si wanabahatisha tu?

Jibu: Umesoma sawa, kaboni haifiki huko. Kaboni-14, aina ya kaboni inayooza yenyewe polepole, inatengenezwa juu angani, mimea inaivuta na hewa, wanyama wanakula mimea, kwa hiyo kila kiumbe hai anayo, akishakufa haingii mpya tena na ile iliyokuwepo inaanza kupungua, kila miaka 5,730 inabaki nusu. Igawe nusu kwa nusu mara kumi, yaani miaka 57,300, inabaki chini ya moja ya elfu, hapo hata uchafu kidogo tu ulioingia kwenye sampo unaharibu jibu zima. Ndo maana mtu akikwambia dainosaria kapimwa umri kwa kaboni usimsikilize, wale walitoweka miaka milioni 66 iliyopita.

Sasa kitu ambacho wengi kinawapita ni hiki: kwenye mifupa ya kale sana, mara nyingi hatupimi mfupa wenyewe. Tunapima majivu ya volkano yaliyo chini yake na yaliyo juu yake. Mfupa ukiwa katikati, basi umri wake ni mdogo kuliko wa tabaka la chini na mkubwa kuliko wa lile la juu, umeshaubana hapo.

Na majivu yanapimika kwa sababu yana potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo, potasiamu-40, inaoza polepole, nusu yake inachukua miaka bilioni 1.25, na kiasi cha inayooza kinageuka kuwa gesi ya agoni. Mwamba ukiwa bado uji wa moto gesi inatoroka, ukipoa na fuwele (chembe ngumu za madini) zikajifunga agoni inanaswa humo ndani haina pa kwenda, kwa hiyo saa inaanza kwenye sifuri siku volkano ilipolipuka. Mimi mpaka leo naona hilo ni jambo la ajabu mno!

Mfano mzuri ni fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolipata mtafiti Mary Leakey pale Olduvai, Tanzania, mwaka 1959. Mwanzoni lilikisiwa kuwa na miaka kama 600,000, hapo kweli ilikuwa kukisia. Mwaka 1961 majivu yakapimwa kwa potasiamu na agoni, jibu likaja miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makisio, na vipimo vya baadae vimekaa humohumo, kama milioni 1.8.

Makosa yapo lakini. Volkano ikilipuka inaweza kubeba vipande vya mwamba wa zamani zaidi vikachanganyika na majivu mapya, ukivisaga vyote pamoja unapata umri mkubwa kuliko ukweli. Siku hizi tunayeyusha fuwele mojamoja kwa leza na kupima agoni yake, ile ya kale inajitokeza yenyewe haifanani na wenzake, tunaitoa.