Jina la Blogu Lijaribu kwa Simu Kwanza

Watu wanaotaka kufungua blogu hapa Nairobi huniletea orodha ya majina, na karibu kila orodha ina neno Bora. Mapishi Bora, Afya Bora, Malezi Bora. Kama si Bora, basi kuna 254 mwishoni. Sina ugomvi na ubora wala na msimbo wa simu wa nchi yetu, lakini majina ya namna hiyo yanafanana mno, na msomaji akiondoka hajui alikuwa kwa nani. Mimi huuliza swali moja tu: ukilitamka mara moja kwenye simu, uko ndani ya matatu ya Jogoo Road na muziki umefunguliwa hadi mwisho, aliye upande wa pili ataliandika sawasawa?

Majina mengi mazuri huanguka hapo. Blogu hapa kwetu husambaa kwa mdomo: rafiki anamwambia rafiki, naye anaandika alichosikia. Chukua Ladha na Raha. Kwenye karatasi linapendeza. Lakini Nairobi kila mtu amekuja na lugha ya kwao, na l na r hubadilishana vinywani mwetu bila kuomba ruhusa. Utasikia Radha na Laha, na huyo atakutafuta asikupate. (Simcheki mtu, hata mimi nina herufi zangu zinazonishinda.)

Mtego mwingine ni ng'. Ritifaa haipiti kwenye anwani ya wavuti. Binamu yangu anaandika kuhusu utunzaji wa ngozi, na alikuwa amelishikilia jina Ng'ara kwa mikono miwili. Tukaliandika bila ritifaa, likabaki ngara. Tukalitafuta kwenye simu: nyumba za kupangisha Ngara, nguo za Ngara, ramani ya kwenda Ngara. Habari za ngozi, hakuna. Akanuna. Shangazi alikuwa pembeni anakatakata sukuma wiki, akasema bila kuinua kichwa, "Wewe si una uso mkavu? Jiite hivyo." Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta, na Uso Mkavu ndilo jina analotumia hadi leo. Linagusa ngozi, linachokoza kidogo, na anayelisikia hulibeba akamwambie mwingine.

Majina ya aina hiyo hayaji kwa kukodolea skrini macho. Yamo katika yale watu wanayosema kila siku kuhusu jambo unaloliandikia. Unaandika kuhusu chakula cha bei nafuu? Nenda ukae kwenye vibanda vya Industrial Area wakati wa chakula cha mchana, wafanyakazi wakiwa wamebanana kwenye benchi. Lazima utamsikia mmoja, chapati ya pili mkononi na sahani imeanza kukauka, akiita, "Mathe, niongezee supu!" Ongeza Supu. Herufi 10, hakuna wa kuikosea, na mtu wa Nairobi anajua papo hapo ni meza gani anakaribishwa. Ningekuwa naandika kuhusu chakula ningelichukua mwenyewe.

Sheng nayo ni tamu, ila ina tarehe yake. Neno linalotamba mtaa wa Umoja mwaka huu, mwakani vijana wa Kayole watakucheka nalo. Ukitaka sheng, tafuta neno lililokwisha kuzeeka na bado linasemwa, kama chapo (chapati) au mathree (matatu).

Kisha liandike jina likiwa limeshikana, kwa sababu anwani haina nafasi. Chai Imeiva ni jina zuri kabisa, lakini likishikana linakuwa chaiimeiva, i mbili zimegongana, na wengi wataandika moja. Hesabu na herufi pia. Jina la akaunti ya X halizidi herufi 15, na MapishiYaNyumbani lina 17. Ukilikata kwa X na kuliacha zima kwingine, wasomaji watadhani ni watu wawili.

Mtaa na umri viache. Mama wa Roysambu akihamia Kitengela atajieleza vipi? Jina lako mwenyewe halina shida hiyo, ila kama unaitwa Wanjiku, foleni ni ndefu.

Lililobaki ni kazi ya dakika chache. Anwani zote zinazoishia .ke zinasimamiwa na KeNIC, na hununuliwa kupitia kampuni walizoziidhinisha. Angalia kama jina liko huru. Ile ya .co.ke watu wameizoea zaidi, ya .ke peke yake ni fupi. Ukimudu zote mbili, zichukue. Lakini usilipe kabla hujaandika makala nne au tano ukaziweka kando. Wengi hudhani wanaandika kuhusu malezi, kumbe kila makala inaishia kwenye karo na bei ya unga. Blogu hiyo inataka jina lingine.

Ukilipa, jisajili kwa barua pepe unayoifungua kila siku, si ile ya chuo uliyoisahau nenosiri. Ilani ya kulipia tena huja humo muda wako unapokaribia kuisha, na jina lisipolipiwa hurudi sokoni.