Soya mbichi kwa kuku wa nyama
Je, unaweza kusaga soya mbichi ukawachanganyia kuku wa nyama kwenye chakula? Hapana, usifanye hivyo, hata kama maabara inaonyesha protini ni ileile na ya soya iliyokaangwa. Ina kizuizi cha tripsini (tripsini ni kimeng'enya kinachovunjavunja protini). Kongosho hufanya kazi ya ziada mpaka huvimba, protini inatoka na kinyesi, na kuku wanadumaa ilhali wanakula. Vifaranga wa wiki 3 za kwanza ndio huumia zaidi, maana wanahitaji protini ya asilimia 22 hivi.

Badala yake, ikaange kavu ukikoroga mpaka maganda yapasuke. Vunja punje moja, ndani iwe rangi ya dhahabu, isinuke ubichi. Ikifika kahawia nzito umeiunguza, lisini (sehemu muhimu ya protini) imeharibika. Mashudu ya soya ya kiwandani kwa kawaida yameshapitia joto.