Soli za ndani za viatu vya baiskeli zibadilishwe lini?

Ndugu, umesema unaendesha karibu kila siku, viatu vina mwaka na nusu, na sasa nyayo zinawaka moto ukienda mbali. Ukauliza kama soli za ndani zina muda maalumu. Hazina. Baiskeli haipigi mguu chini kama kukimbia, kwa hiyo hudumu kuliko za raba za mbio. Kinachoziua ni jasho, joto, na uzito kukandamiza sehemu ileile, pale juu ya pedeli.

Zitoe uzitazame kwenye mwanga. Bonyeza kwa kidole gumba pale panapokaa mzizi wa kidole kikubwa cha mguu: sponji ikibaki imebonyea, au imekuwa nyembamba kama karatasi, imekwisha. Kitambaa kilichokunjamana, kingo zilizokatika, harufu isiyotoka hata ukizifua, hizo nazo sababu tosha. Zile nyepesi zinazokuja na kiatu mimi sizitegemei sana. Zenye ganda gumu la plastiki hukaa miaka, ukabadilisha kitambaa cha juu tu.

Ila kabla hujatoa hela, legeza kwanza mikanda ya mbele. Mguu huvimba kwenye joto, na kiatu kinachobana huunguza vilevile.

Ukinunua, badilisha zote mbili, na ya zamani itumie kama kipimo cha kukatia mpya. Angalia unene pia, zikizidi kiatu kitakubana. Zikilowa, zitoe zikauke kivulini. Jua kali huzikakamaza na kubandua gundi.