Asilimia ya Nini? Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kozi ya Hesabu za Kila Siku

Nimemaliza kusoma majibu yenu ya moduli ya pili, nikaona niandike haraka kabla hamjafika ya tano. Swali lilisema wanaounga mkono pendekezo fulani wametoka asilimia 40 hadi asilimia 50. Wengi wenu mmeandika, kwa kujiamini kabisa, kwamba wameongezeka kwa asilimia 10. Huu ni mwaka wangu wa tatu kuwa msaidizi wa kozi hii na kila mwaka nakutana na jibu hilohilo, mara nyingine na koma zilezile. Wameongezeka kwa pointi 10 za asilimia. Ukitaka kusema kwa asilimia, ni 25, kwa sababu 10 ni robo ya 40 walikoanzia. Jamani, tulieni, tuanze upya.

1. Ukiona asilimia, uliza ni ya nini. Kitu cha 100 kikipanda asilimia 20 kisha kikashuka asilimia 20, hakirudi 100. Kinakuwa 96, maana ile 20 ya pili imekatwa kwenye 120. Mkilijua hili tu mpaka mwisho wa muhula, mimi nitalala usingizi.

2. Usikate desimali katikati ya kazi. Acha namba ndefu kama ilivyo, uikate mwishoni kabisa, kwa kadiri swali lilivyosema. Kisanduku cha jibu hakina huruma: ukiweka 0.7 kinapotaka 0.68, umekosa, na nafasi moja kati ya tatu imekwenda.

3. Excel ina tabia zake. Ukiandika 5% kwenye seli, imehifadhi 0.05, kwa hiyo usigawanye tena kwa 100. Ukiandika 1/2 itadhani umeandika tarehe. Ukiandika =-2^2 itakupa 4, wakati kitabu chako kitasema -4, kwa hiyo weka mabano. Na tafadhali, kila safu iwe na kichwa chenye kizio, yaani kilo, lita, siku, chochote unachohesabu. Wiki hii nimefungua faili lenye safu sita zilizoitwa A, B, C, D, E, F. Aliyelileta ana akili nyingi sana, nimemsoma kwenye majadiliano, lakini mwezi ujao hata yeye mwenyewe hatajua D ilikuwa nini.

4. Mikopo. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Nilipofika moduli ya tano nilikuwa nimepata alama zote kwenye kwizi nne mfululizo. Kwizi za mashine mnazijua: unaweka namba, kisanduku kinakuwa kijani, unasonga. Kazi ya kuandika ya moduli ile ilitaka tuchukue mikopo miwili ya kweli tuilinganishe. Dada yangu mkubwa alikuwa anatafuta mkopo wakati uleule, ana karatasi za wakopeshaji wawili, basi nikazichukua zikawa kazi yangu. Namba nimezipunguza hapa ili ziwe rahisi, uwiano ni uleule. Mkopo wa 12,000, unarejeshwa kwa miezi 12. Mkopeshaji wa kwanza anatoza riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Wa pili, asilimia 24.

Nikatengeneza jedwali safi. Nikachora grafu ya nguzo mbili, ya 18 fupi na ya 24 ndefu, nikaandika hitimisho la mstari mmoja kwamba mkopo wa kwanza ni nafuu. Nikatuma usiku. Kesho yake dada akanipigia. "Mdogo wangu, wewe ndiye unayesoma haya mambo. Nichukue upi?" Nikamwambia achukue wa asilimia 18. Karatasi zilikuwa pembeni yangu na sikuzifungua tena.

Baada ya siku tatu alama zikatoka, 14 kati ya 20. Nikaona si mbaya, nikafunga ukurasa. Pembeni ya ile 14 kulikuwa na alama ndogo ya maoni, na sikuibofya. Siku mbili baadaye dada akasaini. Wiki mbili zikapita, ndipo nikaibofya nikiwa natafuta kitu kingine kabisa. Mkufunzi alikuwa ameandika: "Riba ya mkopo wa kwanza inatozwa juu ya salio lipi? Rudi kwenye karatasi, aya ya pili." Maneno hayo yalikuwa yamekaa pale siku mbili nzima kabla dada hajashika kalamu.

Nikarudi kwenye aya ya pili. Ilisema wazi kwamba ile asilimia 18 inatozwa juu ya kiasi chote cha mwanzo, tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Yaani riba ya 2,160, marejesho ya 1,180 kila mwezi. Mwezi wa 12, deni likiwa limebaki kipande tu, bado analipa riba kana kwamba 12,000 yote iko mkononi mwake. Ule wa asilimia 24 ulikuwa wa salio linalopungua: asilimia 2 kwa mwezi, juu ya kilichobaki tu. Marejesho yake ni takriban 1,135 kwa mwezi na riba yote ni takriban 1,617. Mkopo wenye asilimia ndogo ulikuwa ghali zaidi kwa 543. Ukiugeuza ule wa 18 uhesabiwe kwa salio kama mwenzake, unakuwa karibu asilimia 32 kwa mwaka.

Nilimpigia dada jioni ileile nikamweleza kila kitu. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama unaweza kulipwa mapema ukaisha. Tukausoma mkataba pamoja kwenye simu. Ulisema ukilipa mapema bado unadaiwa riba yote. Akaulipa hadi mwezi wa mwisho. Hakunilaumu hata mara moja, na kila tarehe ya marejesho ilipofika mimi nilikuwa naijua.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba fomula nilikuwa naijua. Asubuhi ya siku niliyotuma kazi ile nilikuwa nimetumia PMT, fomula ya Excel inayotoa marejesho ya mkopo wa salio linalopungua, kwenye kwizi mara tano na nimepata zote tano. =PMT(0.02,12,12000), haichukui nusu dakika. Kwenye kwizi swali lilikuwa linaniambia: riba ni hii, ya salio, tafuta marejesho. Karatasi za dada hazikuwa na sentensi hiyo. Kazi ya kwanza ilikuwa kujua ni swali gani linaulizwa, na kazi hiyo sikuwahi kuifanya kwa sababu kisanduku cha kijani hakikuwahi kuidai.

Kwa hiyo ninapowaandikia maoni marefu kwenye kazi zenu, na mfumo ukanionyesha kwamba hamjayafungua, siwezi kunyamaza. Bofyeni. Hata mkipata 20 kati ya 20, bofyeni.

Na mkilinganisha mikopo, msilinganishe asilimia. Andikeni jumla yote itakayotoka mfukoni, pamoja na ada ya kufungua mkopo na bima, na tarehe ya kila malipo. Kisha ndiyo mseme upi ni nafuu.

5. Kanuni ya 72: gawa 72 kwa riba ya mwaka upate miaka ya fedha kuongezeka maradufu; kwa asilimia 8 ni kama miaka 9. Inafaa pia kwa deni.

6. Vizio. Najua mnaona uchovu kuandika kizio kwenye kila mstari. Julai 23, 1983, ndege ya Air Canada, Boeing 767 iliyokuwa ikienda Edmonton kutoka Montreal, iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 angani. Geji za mafuta zilikuwa hazifanyi kazi, hivyo mafuta yakapimwa kwa kijiti, yakapatikana kwa lita, yakageuzwa kuwa uzito kwa kuzidisha na 1.77. Namba ile ilikuwa sahihi kabisa, kwa paundi. Ndege yenyewe ilihesabu kwa kilo, na ilipaswa kutumia takriban 0.8. Wakaondoka wakidhani wana kilo 22,300, kumbe ni paundi 22,300, chini ya nusu ya walichohitaji. Rubani aliishusha ikielea bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, Kanada, na watu wote 69 walinusurika. Hesabu ile ilifanywa na wataalamu, wakaikagua zaidi ya mara moja, na kila mara namba ilikuwa ileile. Kama "paundi kwa lita" ingekuwa imeandikwa pembeni ya 1.77, mtu angeiona. Kizio kiandike, kikate juu na chini, uone kilichobaki ndicho unachokitafuta. Mkinitumia kazi yenye namba tupu, nitairudisha, na nitakuwa nawapenda wakati nairudisha.

7. Vipimo vya ugonjwa kwenye moduli ya saba, pale mnapoulizwa aliyepata jibu la "unao" ana uwezekano gani wa kuwa mgonjwa kweli: acheni asilimia, hesabuni watu 1,000. Wagonjwa ni 1 kati ya 100, basi ni 10. Kipimo kinawanasa 9 kati yao. Wazima ni 990, na kinawakosea asilimia 9, karibu 89. Waliopata jibu la "unao" ni 98, wagonjwa kweli ni 9. Kila muhula kuna anayebishana na 9 kwa 98 hadi saa nane za usiku. Sina tatizo naye, huyo ndiye anayeelewa mwisho.

8. Alama zenu zina uzito. Kwizi 20, kazi 40, mtihani 40. Mwenye 95, 80 na 50 hana wastani wa 75. Ana 19, 32 na 20, yaani 71. Wengi mnagundua hili wiki ya mwisho, na mmeshamaliza nguvu zote kwenye kwizi.

9. Saa ya mwisho ya kutuma kazi ni saa 5:59 usiku, ya seva, wala si ya simu yako. Angalia mipangilio ya akaunti yako leo, siyo siku ya kutuma.

10. Mtihani una jaribio la kamera la dakika tano, lifanyeni siku mbili kabla.

Jumamosi jioni nitakuwa kwenye kipindi cha maswali, na moduli ya tano inafunguliwa Jumatatu. Anayetaka aje na karatasi ya mkopo ya kweli, afute majina na namba za akaunti kwanza. Tutaanza na aya ya pili.