Maswali ya Wafugaji: Maji ya banda langu na mchicha wa jirani

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga nguruwe huku Kibaha. Watoto nikishawaachisha kunyonya huwa nawawekea antibiotiki ya OTC ya unga kwenye maji hata kama hawaumwi, ili wasiharishe. Sasa jirani yangu analima mchicha hapo chini na anamwagilia maji ya mtaro unaotoka bandani kwangu, eti amesikia redioni nguruwe wanatoa bakteria sugu. Ni kweli au ananitafutia sababu tu?

JIBU: Marahaba. Hapana, jirani yako ana hoja. OTC ni oksitetrasaiklini, na dawa za jamii hiyo mwili wa mnyama hauzimalizi, nyingi zinatoka kwenye mkojo na mavi zikiwa bado zina nguvu. Halafu kile kidozi chako cha kila siku kinaua bakteria dhaifu tumboni, wabishi wanabaki wanazaana, na kibaya zaidi bakteria wanapeana jeni za usugu (maelekezo ya urithi ya kuishinda dawa) hata kama si wa aina moja, yaani wa nguruwe akifika kwenye udongo wa mchicha anamgawia wa hapo na mtaa mzima unaanza kubeba.

Hii imeshaonekana kwa wenzetu. China mwaka 2015 watafiti walitangaza jeni inaitwa mcr-1, inayofanya bakteria wasisikie kolistini, dawa ambayo hospitali wanaitunza kwa mgonjwa ambaye nyingine zimegoma. Waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama ya dukani na kwa wagonjwa. Kumbe kolistini ilikuwa inachanganywa kwenye chakula cha mifugo ili wakue haraka! 2017 China ikapiga marufuku matumizi hayo. Uholanzi nako ukilazwa unaulizwa kama unashika nguruwe, maana kuna MRSA, aina ya bakteria sugu, inayokaa puani mwa wafugaji, wengi hata hawaumwi, wameivuta na vumbi la banda.

Kwa hiyo hiyo dozi ya kinga acha. Kuhara baada ya kuachishwa mara nyingi ni baridi, sakafu imelowa, au umebadilisha chakula ghafla, sasa hapo OTC inakufichia tu tatizo. Changanya chakula kipya na cha zamani kidogo kidogo, weka maranda makavu, akiugua kweli mwite daktari wa mifugo. (Na wanaoichoma wakati wa homa ya nguruwe wanatupa hela, ile ni virusi.)

Maji ya kuoshea yachimbie shimo mbali na kisima, yasiende mtaroni. Mavi yarundike na majani makavu, uyageuze mpaka yaive, lile joto linaua bakteria wengi japo si jeni zote zinazokwisha. Jirani naye atafute maji mengine.

SWALI: Mimi silimi wala sifugi, mimi ni mlaji wa kitimoto tu Dar. Niache?

JIBU: Kula, ila iive mpaka ndani, bakteria sugu kwa dawa si sugu kwa moto. Mimi naogopa zaidi kachumbari kuliko nyama. Angalia kisu, kama kimetoka kukata nyama mbichi kikafutwa na kitambaa halafu kikaenda kwenye nyanya, kachumbari hiyo iache kwenye sahani.